Maswali ya wasomaji: Modeli sita za saa za jua na R² inayodanganya

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili ya fizikia. Utafiti wangu unalinganisha modeli za kukadiria mionzi ya jua katika mji mmoja kwa kutumia saa za jua. Nina wastani wa kila mwezi wa saa za jua, na wa mionzi iliyopimwa kwa piranomita. Nimejaribu mlinganyo wa mstari ulionyooka, wa kipeo cha pili, wa kipeo cha tatu na wa logi. Kisha nimechukua namba za Rietveld na za FAO jinsi zilivyo, nikapata modeli sita. Ya kipeo cha tatu imetoa R² ya 0.98, ya mstari 0.97. Msimamizi wangu anataka nichague yenye R² kubwa nifunge hitimisho. Mwenzangu wa darasani anasema tofauti hiyo ni ya bure. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa fizikia*

Jibu

Marahaba. Mwenzako ndiye aliye sahihi. Msimamizi usimwambie kwamba mimi nimesema. Mpelekee hesabu nitakayokupa hapa chini, aione mwenyewe.

Kwanza niwaweke sawa wasomaji ambao si wa fani hii. R² ni namba inayoonyesha makadirio yamefuata vipimo kwa kiasi gani: 1 ni kufuata kabisa. Piranomita ni ghali na inataka kuangaliwa kila mara, kwa hiyo vituo vingi vya hali ya hewa vina rekodi ndefu za saa za jua lakini havina rekodi za mionzi. Mwaka 1924 Anders Ångström wa Uswidi, akitumia vipimo vya Stockholm, alionyesha kwamba sehemu ya mchana ambayo jua limewaka inatosha kukadiria mionzi iliyofika ardhini, mradi ujue siku ya anga safi hutoa kiasi gani. Shida ni kukubaliana siku ya anga safi ni ipi. Mwaka 1940 Prescott, huko Australia, akaiondoa shida hiyo: badala ya siku safi akaweka mionzi inayofika juu ya angahewa, ambayo hukokotolewa kwa latitudo na tarehe bila kupima chochote. Ndipo tukapata mlinganyo ambao kila mtu anaujua: H/H0 = a + b(S/S0). H ni mionzi ya ardhini, H0 ni ya juu ya angahewa, S ni saa za jua zilizopimwa na S0 ni urefu wa mchana.

Hizo a na b si namba za mapambo. S ikiwa sifuri, yaani mawingu yamefunga kutwa, kinachobaki ni a: ndiyo sehemu ya mionzi inayopenya wingu zito. Jua likiwaka mchana kutwa, kinachobaki ni a + b, uwazi wa anga safi ya mahali pale. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 1998 kuhusu mahitaji ya maji ya mimea, inashauri 0.25 na 0.50 pale ambapo hakuna namba za mahali penyewe. Jumla ni 0.75, na kwa anga safi hiyo inaingia akilini. Mwanafunzi akiniletea a + b ya 0.95 siulizi modeli yake. Naomba kuona piranomita.

Sasa chukua kalamu. Acha data yako kando kwanza, tuchukue modeli tano zilizochapishwa, tuzipe S/S0 ya 0.5, mchana ambao jua limewaka nusu. FAO inasema H/H0 ni 0.500. Rietveld wa mwaka 1978, aliyekusanya namba za vituo 42, ana 0.18 na 0.62, hivyo anasema 0.490. Ögelman na wenzake, 1984, kipeo cha pili (0.195 + 0.676x − 0.142x², x ikiwa ni S/S0): 0.498. Akınoğlu na Ecevit, 1990, nao kipeo cha pili (0.145 + 0.845x − 0.280x²): 0.498. Bahel na wenzake, 1987, kipeo cha tatu kutoka vituo 48 duniani (0.16 + 0.87x − 0.61x² + 0.349x³): 0.486. Kutoka wa chini hadi wa juu ni asilimia 3 hivi. Piranomita ya kawaida ya kituoni, kioo chake kikiwa na vumbi la wiki, inaweza kukosea kiasi hicho peke yake.

Shuka sasa hadi S/S0 ya 0.1, siku ya mawingu hasa. FAO 0.300. Ögelman 0.261. Rietveld 0.242. Bahel 0.241. Akınoğlu na Ecevit 0.227. Hapo FAO imempita wa mwisho kwa karibu theluthi moja. Modeli hizi zinagombana kweli, ila zinagombania upande wa mawingu. Wewe unatumia wastani wa mwezi, na wastani wa mwezi unameza siku za mawingu: mwezi wenye siku kumi za giza na siku ishirini za jua unakuja kwako kama 0.6 au 0.65, namba ya katikati isiyomkera mtu yeyote. Umeandaa mashindano mahali ambapo washindani wote wanakimbia sawa.

Ukiweza kupata data ya kila siku, irudie kazi yako yote hapo. Utaona pia jambo ambalo wastani wa mwezi ulikuficha: modeli ya logi inavunjika siku ambayo S ni sifuri, maana sifuri haina logi. Watu huziondoa siku hizo kimyakimya kwenye Excel kisha wanaandika kwamba logi imefanya vizuri.

Nije kwenye R². Hapa ndipo pana udanganyifu mkubwa, na sijui kwa nini haufundishwi. Ukiwa latitudo ya 40, H0 ni takriban megajuli 42 kwa mita ya mraba kwa siku mwezi Juni, na takriban 14 mwezi Desemba (upande wa kaskazini). Mara tatu! H iliyopimwa inapanda na kushuka pamoja nayo. H uliyokadiria nayo inapanda na kushuka pamoja nayo, kwa sababu umeizidisha kwa H0. Ukizilinganisha hizo mbili utapata R² ya kupendeza, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya mwendo wa dunia kuzunguka jua. Modeli yako imeipanda tu kama abiria. Karibu na ikweta, H0 hutembea kati ya 33 na 38 hivi tu kwa mwaka. Pale modeli ileile, yenye makosa yaleyale ya megajuli, itapata R² ya chini na mwandishi wake atasikitika bila sababu.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Pima R² kwenye H/H0 dhidi ya S/S0, si kwenye H dhidi ya H. Halafu ongeza modeli ya saba, isiyojua chochote kuhusu saa za jua: chukua wastani wa H/H0 wa mwaka mzima, uuzidishe kwa H0 ya kila mwezi, basi. Iweke kwenye jedwali lako pamoja na zile sita. Kama mji wako uko mbali na ikweta, usishangae hiyo modeli ya kipumbavu ikipata R² kubwa. Kinachofaa kuandikwa ni kiasi ambacho modeli za saa za jua zimeizidi hiyo. Sijaona tasnifu nyingi zenye ujasiri wa kuweka safu hiyo.

Kuhusu kipeo cha tatu: una miezi 12. Mlinganyo huo una namba nne za kutafutwa, ule wa mstari una mbili. Ukiongeza namba za kurekebisha, R² haiwezi kushuka kwenye data ileile uliyoitengenezea. Hiyo ni tabia ya hesabu, haikuambii lolote kuhusu anga. Chora mkunjo wako kutoka S/S0 ya 0 hadi 1, hata kama data yako inaishia kati ya 0.45 na 0.7. Mara nyingi utaona kipeo cha tatu kikipinda vibaya nje ya data: kinakupa mionzi mingi zaidi siku ya 0.1 kuliko siku ya 0.3, au kinapita 1.0 upande wa pili, yaani ardhi inapokea zaidi ya ilichopewa angahewa. Gawa miaka yako. Tafuta namba kwa baadhi ya miaka, zipime kwa miaka iliyobaki. Mwenye R² ya 0.98 anyamaze hadi apite hapo.

Pia umeniandikia R² tu. MBE iko wapi? RMSE iko wapi? MBE ni wastani wa makosa pamoja na alama zake, hivyo inaonyesha kama modeli inapandisha au inashusha kwa jumla. RMSE ni kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya makosa, inaonyesha kosa la kawaida bila kujali upande. Stone, mwaka 1993, alipendekeza kuziunganisha katika t: zidisha (n − 1) kwa mraba wa MBE, gawanya kwa mraba wa RMSE ukiondoa mraba wa MBE, toa kipeuo cha pili. Hapo n ni idadi ya vipimo, kwako miezi. Tuseme modeli moja ina MBE 0.6 na RMSE 0.9 kwa miezi 12: t ni 2.97, na imepita 2.20 ya jedwali la t, kwa hiyo inapandisha kweli, si bahati. Nyingine ina MBE 0.1 na RMSE 1.1: t ni 0.30. Ya pili ina RMSE mbaya zaidi lakini haina upendeleo. Ipi bora? Inategemea unaitaka kwa nini. Anayetaka jumla ya nishati ya mwaka atachukua ya pili. Anayepanga maji ya shamba siku kwa siku ataumizwa na RMSE. Jihadhari na kitu kimoja: t inaweza kuwa ndogo kwa sababu tu RMSE ni kubwa mno, kwa hiyo isisimame peke yake kwenye hitimisho lako.

Mchagua jembe si mkulima. Umetumia kurasa nyingi kuchagua mlinganyo, na barua yako yote haina hata mstari mmoja unaoniambia S ilipimwaje.

Nimefanya kazi na kipima saa za jua cha Campbell na Stokes, kile cha tufe la kioo lenye upana wa sentimita 10 hivi. Tufe linakusanya mwale wa jua na kuunguza mstari kwenye kadi yenye alama za saa. Kadi ni za aina tatu, ndefu iliyopinda, fupi iliyopinda na iliyonyooka, kwa vipindi tofauti vya mwaka, na hubadilishwa jua likishazama. Kisha unakaa mezani unaisoma. Siku ya anga safi ni raha: mstari mmoja mweusi kutoka asubuhi hadi jioni. Siku ya mawingu yanayopita ndipo kuna ubishi. Jua likichungulia kidogo tu linatoboa kitobo cha mviringo kinachoenea kuliko muda lilioonekana, na ukivihesabu kwa urefu wake utampa jua saa ambazo halikuwaka. Ndiyo maana kuna kanuni: vitobo viwili au vitatu vya mviringo huhesabiwa 0.1 ya saa, vinne hadi sita 0.2. Wasomaji wawili makini, kadi moja, wanaweza kukupa saa tofauti. Na kadi iliyolowa umande asubuhi haiungui hadi ikauke.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, linahesabu kwamba jua limewaka pale mwale wa moja kwa moja unapozidi wati 120 kwa mita ya mraba. Kadi haijui namba hiyo. Vipimo vya vituo mbalimbali vilionyesha kadi zikianza kuungua popote kati ya wati 70 na 280. Hicho ndicho kilichomo ndani ya S yako, nawe unabishana kuhusu tofauti ya 0.01 kwenye R².

Tena umesema ni mji. Moshi na ukungu wa mji hupunguza mionzi kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini mchana mwale unaopita kwenye moshi bado unazidi wati 120, kwa hiyo saa zinahesabiwa kama kawaida. S ileile, H imeshuka. Mlinganyo uliotengenezwa kwa anga safi utapandisha mjini, na hakuna kipeo cha tatu kitakachotibu hilo. Majengo yanafanya kinyume chake: yakiziba jua la mapema na la jioni, S inashuka ilhali H haijaguswa sana, kwa sababu jua la chini halileti mionzi mingi. Uliza kituo kiko wapi, kimezungukwa na nini, na kama kuna jengo limeinuka katikati ya miaka ya data yako.

Basi, hitimisho lako ni hili: mstari ulionyooka, wenye a na b za mji wako, umepimwa kwa miaka ambayo haukutengenezewa, na kando yake modeli ya saba. Kama kipeo cha pili kitaushinda kwenye miaka hiyo kwa data ya kila siku, mwandike kipeo cha pili na hongera zake. Kabla ya yote hayo kagua H0 yako. Kwa wastani wa mwezi tumia siku za Klein za mwaka 1977, yaani siku ya kila mwezi ambayo H0 yake iko karibu na wastani wa mwezi huo (17 Januari, 11 Juni, 10 Desemba na nyinginezo), wala usichukue tarehe 15 kila mwezi kwa uvivu. Na Excel inapokea pembe kwa radiani. Ukiiandikia saini (sin) ya digrii 23.45 bila kuzigeuza, inadhani ni radiani 23.45, inakupa jibu bila aibu.

Swali

Mimi ni fundi wa umeme wa sola. Sina piranomita, nina saa za jua tu kutoka kituo cha karibu: wastani wa saa 7.2 kwa siku. Kwa hiyo paneli ya wati 300 itanipa wati 300 mara 7.2. Nimekosea wapi? Maana wateja wanalalamika.
*Fundi*

Jibu

Hapo hapo kwenye 7.2, ndugu yangu. Hizo ni saa ambazo jua lilionekana, hata likiwa dhaifu la saa moja na nusu asubuhi. Wati 300 za paneli zimepimwa kwa mionzi ya wati 1,000 kwa mita ya mraba. Ni saa mbili tofauti kabisa.

Fanya hivi. Tuseme mwezi huo mchana ni saa 12 na H0 ni megajuli 35. S/S0 ni 7.2 gawanya kwa 12, yaani 0.6. Kwa namba za FAO: 0.25 + 0.50 × 0.6 = 0.55. Zidisha kwa 35 upate megajuli 19.25, gawanya kwa 3.6 upate kilowati-saa 5.35 kwa mita ya mraba. Hizo 5.35 ndizo saa zako za kuzidisha kwa wati 300, na bado hujaondoa joto la paneli, vumbi, nyaya na betri. Namba hiyo ni ya paneli iliyolala chali. Ukiiinamisha hesabu inabadilika. Na usipange mfumo kwa wastani wa mwaka, panga kwa mwezi mbaya kuliko yote.

Kama una namba za a na b za kituo chenye hali ya hewa na mwinuko unaofanana na wako, tumia hizo badala ya za FAO. Glover na McCulloch, waliofanya kazi Afrika Mashariki, mwaka 1958 waliandika a = 0.29 mara kosaini ya latitudo, na b = 0.52. Kwenye ikweta, kwa 0.6 yako, hiyo inatoa 0.60, si 0.55. Kwa fundi ni heri kuanza na ndogo. Linganisha pia na data za bure za NASA POWER zinazotokana na setilaiti. Zikipishana na hesabu yako kwa megajuli nne au tano, simama utafute sababu kabla ya kununua paneli.

Swali

Kituo chetu kimeacha kadi na kuweka kipima cha kielektroniki. Naweza kuunganisha data ya zamani na mpya nipate miaka mingi zaidi?
*Msomaji wa siku nyingi*

Jibu

Usiunganishe kabla hujajua kama vipima hivyo viwili vilikaa pamoja kwa muda. Kama vilikaa, linganisha siku kwa siku, na zitenge siku za anga safi na siku za mawingu ya vipande: kadi huzidisha kwenye zile za vipande, kwa hiyo namba moja ya kusahihisha miezi yote haitoshi. Kama havikukaa pamoja, tafuta a na b za kila kipindi peke yake. Zikitofautiana, usikimbilie kuandika kwamba hali ya hewa imebadilika. Uliza kwanza ni tarehe gani kipima kilibadilishwa, na kama piranomita nayo ilibadilishwa siku hiyohiyo.